Mngurumo wa Kwenye Besi ni Wangu, na Mpwa Wangu Anataka Kuninyang'anya

Mpendwa Bi Godelieve,

Naomba msaada wako na naomba upesi, maana leo ni Jumanne, na ikifika Jumapili, siku ya kurusha mikate, watu wakishateremka kutoka mlimani na mikate yao ya duara mifukoni, mimi nitakuwa nimevuliwa nguo mbele ya mji mzima wa Geraardsbergen, na atakayenivua si adui, ni mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu, niliyemfundisha kuendesha baiskeli kwa mikono hii miwili nikikimbia nyuma yake mpaka mapafu yakataka kutoka, na kosa langu silioni, au tuseme ninaliona lakini si kubwa kama wanavyolipima. Ukilichapisha hili ufiche jina langu.

Unanijua, bibi. Usiseme hunijui. Kama umewahi kucheza dansi katika bonde hili la Dender, basi umecheza juu ya vidole vyangu. Mimi ndiye Marnix wa Besi. Ile santuri ya "Kiberiti", tuliyoirekodi miaka thelathini na saba iliyopita, vijana wanne wa kiwanda cha viberiti, ndani ya gereji ya muoka mikate huku magunia ya unga yametuzunguka, ile ndiyo yetu, na gitaa la besi linaloitembeza ile santuri kutoka mwanzo hadi mwisho, jaladani limeandikwa jina langu. Sisemi ili nijisifu, sifa nilishashiba zamani. Lakini ukweli usemwe: besi ile ilipopigwa mara ya kwanza kwenye spika kubwa, kule Onkerzele ng'ombe walikamuliwa siagi badala ya maziwa, na mzee mmoja wa Ninove jino lake bovu lililomtesa miezi sita liling'oka lenyewe alipopita karibu na spika, akaniletea lile jino kwa shukrani, ninalo mpaka leo kwenye kikopo cha kahawa, asiyeamini aje alione.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo wanadhani mambo yalianza walipozaliwa wao. Santuri ile tuliirekodi iende kwa spidi ya arobaini na tano, yaani mizunguko arobaini na tano kwa dakika, muziki wa haraka, matarumbeta na makofi, na haikununuliwa. Nilizunguka nayo kwa baiskeli toka Geraardsbergen mpaka Aalst, nikauza saba, na moja kati ya hizo saba aliinunua mama yangu. Miaka mitatu imelala. Halafu Jumapili moja alasiri, kwenye lile ghala la dansi kando ya barabara kuu, DJ Roland akaiweka kwenye mashine huku anakula chipsi, kidole kimejaa mayonezi, akaogopa kuchafua kitufe cha spidi, akaiacha iende kwa thelathini na tatu. Bibi! Muziki ukashuka kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa amebeba jeneza. Watu wakasimama kwanza. Halafu wakaanza kucheza polepole, mabega tu, macho wamefumba, na palipofika pale katikati ambapo ngoma zinanyamaza na besi inabaki peke yake, ukasikika chini ya besi mngurumo, sauti nzito ya dume, kama simba amelala tumboni mwa spika. Ghala lote likapiga yowe. Roland akairudia mara nne mfululizo, chipsi zikapoa. Tangu siku ile hakuna DJ wa huku aliyeicheza kwa spidi nyingine, na walipotoa toleo la pili wakaichapa polepole kabisa, mngurumo ukabaki humo humo.

Siku ile ile, pale pale ghalani, watu wakaja wakaniuliza, "Marnix, yule anayenguruma ni nani?" Nikasema, "Mimi." Neno moja. Nikasema nikipiga besi huwa natoa sauti tumboni bila kujijua, ni kipaji. Wakaniinua mabegani. Mwaka uliofuata nikaalikwa na wakubwa wa mji kunywa kwenye kikombe cha fedha siku ya kurusha mikate, divai yenye visamaki hai ndani, wenzangu walimeza kamoja kamoja wamekunja uso, mimi nilimeza watatu, wa tatu alitaka kurudi nikamkemea akashuka. Na toka siku hizo mpaka leo sijawahi kuingia baa ya mji huu nikaketi bila mtu kuniambia, "Nguruma kidogo, Marnix," nami nanguruma, na bia inakuja yenyewe.

Hapo ndipo mpwa wangu Silke alipoingia na mkasi wake.

Silke ana miaka thelathini na moja, ana akili, sikatai, na kazi yake siku hizi ni kuchota. Anachukua santuri kuukuu za dansi, anatafuta mahali besi ilipokaa vizuri, anaikata, anaiunga mkia na kichwa ijirudie bila kuchoka, halafu anaitandikia ngoma zake mpya juu yake, na watu wanacheza kule Ghent na kwingineko bila kujua wanakanyaga jasho la nani. Mwezi uliopita akaja kwangu na keki za maziwa mgando, hapo ningepaswa kushtuka, maana Silke haji na keki bure. "Mjomba," akasema, "niazime 'Kiberiti' yako ile ya kwanza kabisa, ile ya arobaini na tano. Nataka nichote besi yake niifanye upya. Mjomba utafufuka!"

Nikamwambia chukua toleo la pili, linatosha.

"Toleo la pili limekwaruzika kama goti la mtoto," akasema. "Na limechapwa polepole, sauti imeiva sana. Nataka mbichi."

Bibi Godelieve, santuri ile ya kwanza nimeitunza miaka yote hii juu ya kabati, na nimekataza mtu yeyote asiicheze kwa spidi yake. Nimewaambia watu ina mkosi, kwamba mtu wa mwisho kuicheza kwa arobaini na tano aliota majipu. Lakini mtoto alinitazama na yale macho, nami moyo wangu ni siagi, nikampa. Nikamwapisha: polepole tu. Akaapa. Viapo vya siku hizi!

Wiki mbili baadaye akanieleza alivyofanya, anajigamba kabisa, utadhani kamchinja ng'ombe kwa kijiko. Kwanza alikata sauti zote za juu, matoazi na matarumbeta yakafa. Lakini ngoma kubwa ya mguu na besi hulala kitanda kimoja, huwezi kumvuta mmoja blanketi mwenzake asipate baridi, kwa hiyo akaingiza santuri yangu kwenye programu ya kompyuta inayochambua muziki kama mtu anavyokula kome, ganda huku, nyama huku. Ikampa besi tupu, lakini bado ina makombo ya ngoma ndani. Mwisho akarudi pale katikati ambapo ngoma zinanyamaza, pale pa mngurumo, akasema, "Mjomba, hapo ndipo pasafi, hapo sihitaji hata programu." Nami moyo ukaanza kupiga spidi ya arobaini na tano.

Nikamwambia, na nakuambia na wewe, besi bila ngoma yake si haki. Besi ni mtu mzima, usimtoe bafuni akiwa hivyo hivyo ukampeleka sokoni. Alicheka tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa jikoni kwa dada yangu Hilde, mama yake Silke, tunakunywa kahawa, mimi, Hilde, mumewe Firmin, na Silke na kompyuta yake katikati ya sahani.

"Mjomba, sikiliza," akasema Silke. Akabonyeza. Besi ikatoka, peke yake, polepole, na mngurumo chini yake.

"Huyo ni mimi," nikasema. Nikanguruma nayo kidogo, kwa mazoea.

"Vizuri. Sasa naipandisha iende spidi yake ya kuzaliwa."

"Silke, uliapa!"

"Niliapa kuisikiliza polepole. Nimeisikiliza polepole. Sasa tunapanda."

Akabonyeza, na mngurumo ukaanza kupanda, ukapanda, ukawa mwembamba, ukawa sauti ya msichana. Msichana anayehesabu kwa kunong'ona, kwa lafudhi ya hapa hapa kwetu, wazi kabisa kama yuko nyuma ya pazia: "Vusha, zungusha, vusha, zungusha, pini. Vusha, zungusha, vusha, zungusha, pini."

Wewe ni mtu wa hapa, unajua hayo ni maneno gani. Ni maneno ya wanaofuma lesi kwa vijiti. Marehemu bibi yetu alimfundisha Hilde lesi toka ana miaka sita, na mimi sikufundishwa, mimi nilifundishwa kufunga maboksi ya viberiti.

"Mjomba," akasema Silke polepole, "kumbe wewe ulikuwa unafuma lesi?"

Firmin kahawa ikamtokea puani. "Shemeji! Na mimi nina soksi zimetoboka, nikuletee lini?"

"Nyamaza wewe, unayepiga makofi nje ya mdundo mpaka kanisani," nikamwambia.

Hilde akainuka kwenda kuchukua maziwa, na maziwa yalikuwa mezani. Silke akamtazama mama yake mgongo, akanitazama mimi, akauliza, "Mama, ile ni sauti yako?" Hilde akajibu bila kugeuka, "Ah, mambo ya kale hayo. Mimi nilishasahau." Akarudi akaketi bila maziwa. Silke akaiacha besi inazunguka, mtoto mkaidi yule, nami nikainama kuokota kijiko kilichoanguka, na chini ya meza nikaona mguu wa Hilde ndani ya ndara yake unapiga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, haukosei hata mara moja.

Basi nikuambie, kwa kuwa wewe ni mshauri na umeapa kama daktari. Siku moja kabla ya kurekodi nilijikata kidole gumba nikikata viazi vya chipsi, nilijikata mpaka mfupa ukanichungulia, kidole kikavimba kama soseji. Gereji ilikuwa tumepewa siku ile moja tu. Hilde alikuwa amenisikia nikifanya mazoezi nyuma ya ukuta wa chumba chake kila jioni ya majira yale ya baridi, akasema, "Lete hilo gitaa, nimechoka kulisikia linakosea." Akaketi kwenye gunia la unga, karibu kabisa na maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika ya gitaa, akapiga mara mbili, ya pili ikachukuliwa. Ile yangu ilikuwa inakwenda tu-tu-tu-tu kama cherehani. Yeye aliivusha, akaizungusha, akairudisha. Mimi nilikaa juu ya magunia nimeinua kidole hewani kama naomba ruhusa ya kwenda msalani. Majalada yalikuwa yameshachapwa na jina langu, na Hilde alikuwa anaolewa mwezi unaofuata, akasema liacheni hivyo hivyo. Kwa hiyo nani alimlazimisha? Hakuna!

Kitu kimoja tu kinanisumbua, nacho sijawahi kukisema. Jumapili ile ya Roland, waliponiinua mabegani, nikiwa kule juu nilimwona Hilde. Alikuja na sweta jeupe, mtoto wake wa kwanza tumboni, amesimama kando ya nguzo. Alikuwa ananipigia makofi. Nilimpungia mkono, wakanigeuza upande mwingine, na waliponigeuza tena hakuwepo.

Sasa Silke ametengeneza santuri yake mpya, ile besi imekatwa, inazunguka, na sauti ya lesi ameiacha ndani kwa makusudi, na anataka kuizindua Jumapili kwenye baa ya Kona ya Kiwanda mbele ya watu wote. Akanifuata mpaka mlangoni siku ile ya kahawa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, jalada halijaenda kiwandani kuchapwa. Nakupa mpaka Jumapili uwaambie watu mwenyewe. Usiposema wewe, jalada litasema. Besi: Hilde."

Nimempa suluhu za kiungwana. Nilimwambia andika "Besi: Marnix na Hilde". Akakataa. Nikamwambia basi andika "Besi: familia". Akaniuliza, "Familia ina vidole vingapi, mjomba?" Huyo ni mtoto wa kujibu mtu mzima hivyo?

Mimi nimekasirika, bibi. Nimekasirika sana. Miaka thelathini na saba nimeibeba besi ile mgongoni, nimeisimulia, nimeinguruma harusini na mazishini, na mtu aliyezaliwa juzi anakuja na kompyuta ananiambia si yangu. Kama kila kilichofunikwa kinafaa kufunuliwa, tuanze na sufuria za kila nyumba. Nataka umwandikie Silke gazetini, kwa jina, umwambie hana haki ya kuitoa besi chini ya ngoma zake, airudishe ilikokuwa. Na mimi nifanye nini Jumapili? Niende ninune, nisiende, au nijikate kidole kingine?

Mimi, Mjomba Aliyeibiwa,
Geraardsbergen


JIBU LA BI GODELIEVE

Bwana Marnix,

Tuanze na jina lako. Uliniomba nilifiche, kisha ukaliandika mwenyewe kila baada ya aya mbili, pamoja na kiwanda, santuri na samaki. Nilikupigia simu kukuuliza nikate nini ili usijulikane. Ulinijibu, "Kata unachotaka, bibi, lakini jino la mzee liache." Nikakuuliza, na jina? Ukasema, "Ah, hao wananijua tu." Basi nimeliacha jino na nimeliacha jina. Ila majina ya Hilde na Silke si yako kunipa, kwa hiyo niliwapigia na wao. Silke alisema chapa. Mama yake alisema, "Chapa tu, mimi nilishasahau." Tutarudi kwenye hilo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimekutana na ng'ombe wa Onkerzele, mayonezi ya Roland na kidole chako gumba, ambacho pole, kiliuma, naamini. Nimekutana na hasira yako kila kona. Kitu kimoja nimekitafuta sikukiona: mahali ulipomuuliza dada yako swali. Hata moja. Hata "habari za asubuhi". Umenieleza mguu wake, sweta lake na mgongo wake alipokuwa anatafuta maziwa yaliyokuwa mezani. Umemtazama vizuri sana mwanamke huyo, bwana, kwa mtu ambaye hajawahi kumsemesha.

Unasema umeibiwa. Nani kakuibia nini? Mtu akichukua kitu nyumbani kwako ukapiga kelele, kwanza polisi watakuuliza kama kilikuwa chako. Uliweza kumeza samaki watatu walio hai mbele ya mji mzima na meya akitazama. Leo neno moja dogo, "Hilde", linakukwama kooni?

Nakuelewa, usidhani mimi ni jiwe. Watu wamekuja wamekuzunguka, wana furaha, wanauliza ni nani anayenguruma, nawe una miaka ishirini na kitu na unanuka kiberiti wiki nzima. "Mimi" ni neno fupi, hutoka kabla akili haijavaa viatu. Ningekusamehe Jumapili ile. Lakini ilikuwepo Jumatatu, Marnix. Zimekuwepo Jumatatu nyingi. Na kila Jumatatu ulipanda kwenye kiti ukaihakiki ile santuri juu ya kabati isije ikashuka ikasema. Unajua vizuri mtu hafichi kitu chake mwenyewe.

Na huo mkosi wa majipu, aibu! Mimi mwenyewe niliuamini. Nina nakala, mama yako alimwuzia shangazi yangu ile yake, na nimeogopa kuicheza miaka yote hii.

Sasa wewe Silke, maana najua unasoma, na mjomba wako alitaka nikuandikie gazetini kwa jina, ombi lake hilo namtimizia. Kazi yako ni nzuri na sikio lako ni zuri. Lakini ulimwuliza mama yako kabla ya kuiweka sauti yake mezani katikati ya sahani, mbele ya mumewe, ili umkamate mjomba? Hukumwuliza. Ulimwuliza ikishapigwa, akiwa amekupa mgongo. Na sasa umepanga tarehe, baa na jalada, na sijasoma popote kwamba yeye amesema ndiyo. Mjomba wako aliichukua besi ya Hilde akaifunika bila kumwuliza. Wewe umeichukua ukaifunua bila kumwuliza. Mnagombana wawili juu ya kitu cha watu, na mwenyewe anawamiminia kahawa.

Haya, sikilizeni mtakavyofanya.

Silke, jalada lisiende kiwandani mpaka mama yako aseme. Akisema hapana, ni hapana, na utaichota besi nyingine, santuri kuukuu zimejaa nchi hii. Na lile la kumpa mjomba wako mpaka Jumapili, lifute. Mtu akisema ukweli kwa kuogopa jalada, huo umekamuliwa.

Marnix, Jumamosi asubuhi utakwenda kwa Hilde. Usiende na maua, atajua umetumwa na gazeti. Nenda na gitaa. Lile lile, ambalo nina hakika limetundikwa juu ya televisheni yako na taa limewekewa. Lifute vumbi, liwekee nyuzi mpya, na lisipokuwa na nyuzi mpya usigonge mlango. Firmin mtoeni akanunue mkate. Kisha useme sentensi hizi, nakuandikia kwa sababu ukiachwa peke yako utaingiza ng'ombe: "Hilde, ile besi ni yako. Nilisema ni yangu, na nilikuona kwenye nguzo." Basi. Kidole gumba kikae mfukoni. Usimwambie hakuna aliyekulazimisha. Alipiga makofi, Marnix, akaondoka. Ukitaka kujua kilichomwondoa, utamwuliza yeye, kwa maneno, na utangoja jibu.

Akikubali Jumapili iwe Jumapili, wewe ndiye utakayesimama Kona ya Kiwanda, si Silke, na utasimulia. Hapo sasa nakuachia kamba. Simulia viazi, simulia soseji ya kidole, simulia magunia ya unga na msichana aliyechoka kusikia gitaa linakosea. Miaka thelathini na saba unawapa watu wa mji huu hadithi za jino na siagi, na hadithi bora kuliko zote umeikalia kama kuku. Wewe ndiye uliyeibeba santuri ile kwa baiskeli mpaka Aalst, hilo ni lako na hakuna kompyuta itakayolichambua. Wakikuambia unguruma, waonyeshe kwa mkono aliko mwenye sauti. Bia ikija, isukume mbele yake.

Umeniuliza uende ununie watu au usiende. Nenda. Ubebe waya wa gitaa la Hilde na umshikie kiti.

Najua unachofikiri: Hilde atasema tena kwamba alishasahau. Ndiyo, atasema. Na mimi aliniambia hivyo hivyo kwenye simu, kwa sauti tulivu kabisa, na nyuma ya sauti, sakafuni, nilisikia kitu kinagonga: kisigino, kidole, kisigino, kidole. Kwa hiyo mdomo wake usiuamini, wala usibishane nao. Mpe gitaa, unyamaze kwa mara ya kwanza maishani mwako, utazame ndara.